Kofia Moja, Vichwa Viwili

"Vaa wewe! Kichwa chako ndicho kinalipa karo."

"Na chako ndicho kinajua dawa za mtoto ziko wapi. Vaa wewe!"

Mume na mke hao waligombana Jumapili kando ya uwanja wa polo ya baiskeli, pale mtaani Woodley. Walikuwa na kofia ngumu moja tu, na refa alishasema: bila kofia, huchezi.

Mke akashindwa, akaivaa, akaingia. Sasa, katika mchezo huu mguu ukigusa chini, lazima uende ukagonge ukuta kwa fimbo yako kabla ya kuugusa mpira tena. Mume akasimama palepale ukutani. Kila mkewe alipokuja kugonga, alimkazia mkanda kidevuni.

"Polepole, Mama Watoto."

Nami, niliyekuwa nikitazama kando ya uwanja, nilianza kushuku kwamba mama anashusha mguu makusudi.

Mimi sina subira. Nilimkabidhi yule baba kofia yangu ya pikipiki. "Ingia ucheze, mzee, unatuchelewesha!"

Walicheza hadi mwisho, wakaenda zao bega kwa bega, vichwa vyote viwili vikiwa salama, kimoja ndani ya kofia yangu.

Pikipiki yangu imelala nyumbani wiki nzima. Upendo wenu nimeuona. Jumapili nileteeni kofia yangu.