Gita Lililopasuka Shingoni

Fundi cherehani yule watu walimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuwahi kumwacha mtu apite mbele yake na pindo lililofumuka. Wapo wanaoapa kwamba siku moja, kwenye foleni ya zahanati, alimshonea bwana aliyesimama mbele yake mguu mzima wa suruali, na yule bwana hakujua mpaka alipofika nyumbani akashangaa mbona leo hajikwai. Hilo tuliache. La hakika ni kwamba nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, cha mbele cha cherehani na cha nyuma cha kulala, na humo ndani mlikuwa na kitu kimoja alichohofia kukivunja kuliko sahani zake zote: gita la mumewe.

Mume huyo, fundi bomba wa siku nyingi, jina lake la mtaani lilikuwa Mluzi. Alipiga mluzi akiwa chini ya sinki, akapiga akiwa juu ya dari, akapiga akiwa amezama mtaroni mpaka kiunoni. Kisha asubuhi moja kiharusi kikamshukia. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi, mkono wa kushoto ukagoma. Mama wa mazoezi pale zahanati akampa kimpira cha kufinya. Mluzi alikifinya siku tatu, siku ya nne akampa paka.

"Nipe gita langu," alimwambia mkewe. "Kama ni kufinya, basi nifinye kitu kinachojibu."

Gita likafanya kazi iliyokishinda kimpira. Kidole cha shahada kiliamka wiki ya tatu, cha kati kikafuata, cha pete kikaanza kujikongoja. Kile kidogo cha mwisho ndicho kilichobaki kimelala fofofo. Mama wa mazoezi alifurahi, ila akaonya: asiache kupiga, maana vidole vilivyoamka juzi husahau upesi. Bi Pindo alikuwa akishona huku akisikiliza mikwaruzo ya mumewe, kama kuku anayeparura bati, na kila ilipotoka sauti moja safi alishukuru kimoyomoyo bila kuinua mguu kwenye pedeli.

Jumanne moja asubuhi Mluzi alikuwa bafuni, ambako, kwa mkono mmoja na nusu, alikaa muda wa mtu kuoga, kukauka na kuchafuka upya. Bi Pindo akavuta jora la kitambaa cha pazia kutoka juu ya kabati. Jora likamponyoka, likalipiga gita lililoegemezwa ukutani, na gita likaenda chali sakafuni. Aliposikia mlio alijua. Aliligeuza akaona: nyuma, pale shingo inapokutana na kichwa chenye vifunguo vya kukazia nyuzi, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umekata kimshazari.

Hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Mshonaji akiona kitambaa kimeachana, mkono wake unajua jambo moja tu, kuvuta uzi. Na gita lilikuwa na nyuzi sita, zote zimeshatungwa, zinasubiri kuvutwa. Bi Pindo akajisemea zikikazwa barabara zitakibana kichwa kirudi mahali pake, na Mluzi hatajua kitu. Akakaza uzi wa kwanza. Akakaza wa pili. Alipofika wa tatu, gita likalia kama muwa unaovunjiwa gotini, na ule ufa uliokuwa unywele ukawa mdomo. Kichwa kikainama mbele, kinashikiliwa na upande mmoja tu wa mbao.

Mluzi akatoka bafuni na taulo begani. Akatazama jora, akatazama gita, akamtazama mkewe, ambaye vidole vyake bado vilikuwa kwenye kifunguo.

"Limeanguka," alisema Bi Pindo.

"Naona. Na baada ya kuanguka?"

"Nikalikaza kidogo."

Mluzi akakaa kitini. Hata paka akaona aibu akatoka nje.

"Ungeniita," alisema.

"Ulikuwa na sabuni mpaka masikioni, ningekuitaje?"

"Haya, njoo nikuoneshe." Akauinua ule mkono wake mgonjwa. "Kiganja hiki ni shingo, vidole ni kichwa. Nyuzi zinapita upande wa ndani, huku. Sasa vivute vidole, uvikunje."

Bi Pindo akavivuta polepole. Ngozi ya nyuma ya mkono ikatanuka, vifundo vikatokeza.

"Nyuma kunafanya nini?"

"Kunafunguka," alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi. Wewe nyuzi zako hufunga, hizi zangu hufumua." Kisha akacheka, na kicheko chake kilikuwa bado kimeenda upande kidogo tangu ule ugonjwa. "Miaka thelathini na mbili nimekaa na fundi, leo ndiyo kwanza namfundisha kitu."

Alicheka, lakini Bi Pindo aliona jinsi alivyourudisha ule mkono mapajani, taratibu, kama mtu anayekilaza kitoto. Gita jingine hawakuwa na namna ya kulipata. Mkono ukilala tena, nani ataukumbusha?

Bi Pindo akaenda kwa jirani yao seremala. Seremala akaja na nyundo, skrubu mbili na kipande cha bati.

"Shemeji, hii ni kazi ya dakika tano," alisema. "Kuna kitanda nilikipiga bati mwaka juzi, mpaka leo kinalaza watu wanne na mizigo yao."

"Fundi, hili halilaliwi," alisema Bi Pindo. " Bati baki nalo, nyundo nayo iweke nje. Nipe gundi ya mbao."

"Gundi tupu?"

"Kwani gundi yako haishiki?"

Seremala akachomwa mahali penyewe. "Gundi yangu ikishika, mbao itavunjika kwingine kwanza. Ila iingie ndani kabisa, shemeji. Ukipaka juu juu umepaka siagi."

Na ufa wenyewe, walipokwisha kulegeza nyuzi zote na kuzivua, ulijirudi ukawa mwembamba, hata ncha ya kisu haikuingia. Seremala akajaribu kijiti, kikakatika. Mluzi akashauri wapulize, wakapuliza vumbi likatoka na gundi ikabaki nje. Ndipo Bi Pindo akaenda kwenye mashine, akakata uzi mrefu wa kushonea makoti, akauchovya kwenye gundi. Mluzi akakikunja kichwa cha gita kidogo tu, ufa ukafumbua jicho, na Bi Pindo akaupitisha uzi ndani, akawa anauvuta huku na huku kama mtu anayejisafisha meno baada ya nyama. Kila uzi ulipokauka alichovya mwingine. Mara ya saba gundi ikachungulia upande wa pili.

"Nimewahi kuona mengi," alisema seremala, "lakini mbao kupigwa bandi kama shati, leo ndiyo mara ya kwanza."

Ikabaki kubana. Vibano vya seremala vilikuwa vya milango, vikubwa kuliko gita lenyewe. Kilichokuwepo ni mpira wa ndani wa baiskeli, ila ukatwe mikanda mirefu myembamba, na kisu kiliutafuna tu. Macho ya wanaume wote wawili yakaenda kwenye mkasi wa kitambaa uliokuwa juu ya meza, kisha yakakimbia haraka. Mtaa mzima ulijua habari za mkasi ule. Dada yake Bi Pindo aliwahi kukatia nao karatasi, kitu kinachoua makali, wakanuniana mpaka yule dada akazaa mtoto wa pili.

Bi Pindo akauchukua, akakata mpira. Mikanda minne. Mkasi ulilia vibaya kila ulipofunga.

"Mke wangu," alisema Mluzi.

"Shika hapo, acha maneno."

Akaizungushia shingo karatasi ya nailoni ili gundi isishike mpira, akaweka vipande viwili vya rula kuwa gango la kuinyoosha, akaviringisha mikanda ameivuta kwa nguvu zake zote. Matone ya gundi yaliyotoka akayafuta kwa kitambaa kibichi. Seremala akasema lisiguswe mpaka kesho saa kama hizi.

Siku ile ikawa ndefu. Jioni Bi Pindo alikuwa amekaa kochini, na Mluzi, bila kuomba ruhusa, akauvuta mkono wa mkewe akaulaza mapajani mwake, akaanza kuubonyeza kwa mkono wake mgonjwa kama shingo ya gita.

"Hapo ni sauti gani?" aliuliza Bi Pindo.

"Hapo ni do."

"Na hapo?"

"Hapo umenenepa, hapasomeki."

Alikuwa akijiandaa kumjibu ipasavyo, ndipo akahisi kitu karibu na kiwiko. Mguso mwepesi, wa kile kidole kidogo. Jibu akalimeza asije akakitisha, na machozi akayameza mazima.

Kesho yake wakafungua mikanda. Ufa ulikuwa mstari tu, kama kovu la zamani. Bi Pindo akapiga msasa mahali gundi ilipokauka, Mluzi akarudisha nyuzi, akazikaza kidogo kidogo, kila moja zamu yake, kisha wanangoja, kisha tena. Bi Pindo alikuwa amepiga magoti, kiganja amekiweka nyuma ya shingo, tayari kulidaka. Uzi wa kwanza ukakaa. Wa pili, wa tatu. Ule wa tatu alifumba macho. Wa sita ulipofika sauti yake, hakuna kilicholia ila uzi wenyewe.

"Toa mkono sasa," alisema Mluzi. "Limeshika."

"Wewe piga."

Akapiga. Kidole cha shahada, cha kati, cha pete, na mwisho kile kidogo, kikapapasa uzi mwembamba kikaukandamiza. Sauti ilitoka chafu, halafu ikasafika.

"Umesikia?" aliuliza.

"Kile kidogo nilikisikia jana, kiwikoni," alisema mkewe. "Mungu ashukuriwe, na seremala naye, na bati lake asilotumia. Piga tena."

Akapiga tena, na Bi Pindo hakutoa mkono. Mbao ilikuwa ikitetemeka kiganjani mwake, nzima.