Siku Babu Alipotuzungusha kwa Wapishi wa Ndia Kuu

Wenzangu mnaoikumbuka Ndia Kuu ya zile toroli za kusukumwa juu ya reli, mnaujua utamu ninaoutaja. Sisi watoto wa Takaungu tulikuwa tukiletwa Mvita kuwaamkia babu na bibi, na sharti lilikuwa moja tu. Mama alilirudia njia nzima: "Chakula cha bibi yenu kisirudi jikoni. Akinuna yule, hamtaletwa tena!" Nasi kukosa kuletwa Mvita, afadhali kukosa Idi.

Sasa babu, Mungu amrehemu, alikuwa hana simile. Bibi yuko jikoni tangu alfajiri, yeye anatutoa mlango wa uani: "Twendeni tukanyooshe miguu." Miguu! Mara tuko kwenye kinu cha mafuta ya ufuta, ngamia kafungwa macho anazunguka, nasi nyuma yake tunazunguka na kucheka mpaka kizunguzungu. Mwenye kinu akatukingia mafuta bakulini yangali vuguvugu. Tukakimbia nayo nyumba ya pili, kwa mama mmoja aliyekuwa akibandua mikate ya mofa tanurini, tukachovya tukala, mafuta yakitutiririka hadi viwikoni. Kisha sharubati ya ukwaju, kali hata jicho linajifumba lenyewe.

Kwa mpishi wa halua ndiko tulikojimaliza. Pale huonji mpaka ushike mwiko, maana halua ikiachwa kukorogwa hushika chini. Kaka yangu Saidi aliushika, mwiko ukamvuta huku na huku. "Wewe ndiye unayekorogwa!" mpishi akacheka. Tukaila ya moto, tukaongezwa, tukaila tena.

Wakati wa kurudi ndipo hofu ilipotuingia. Matumbo yamejaa ndi! "Mtakula," babu akanong'ona mlangoni, "tena kwa uchu!"

Bibi alituketisha mkekani, akaleta siniya, akafunua kawa. Wallahi hamna kitu! Vikombe vya chai ya tangawizi, basi. "Wali wangu nimewapa majirani," akasema. "Mume wangu namjua." Tukaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. "Mmezunguka mji mzima, hata tonge moja la halua hamkunikumbuka?"

Nilitamani ardhi inimeze. Babu akavua kilemba taratibu, na ndani yake mna jani la mgomba lenye halua, samli imeyeyuka kutoka utosini hadi ndevuni! Bibi akajaribu kununa, akashindwa. Alianguka ubavu kwa kicheko, machozi yakimtoka, kisha akamfuta babu ndevu kwa ncha ya leso yake. "Mwakani njooni tena," akatuambia, "na huyu nitamfunga kamba."

Siku hizi wajukuu zangu huniletea halua nzuri, kwenye kikapu kisafi. Wanaiweka, wananibusu mkono, hao, washafika Kilindini. Ukiwaambia keti tuonje, wana haraka kama walioacha chungu motoni, na kupika kwenyewe hawajui! Halua ni tamu, sikatai. Lakini naila peke yangu, wala hakuna anayenichekesha.