Alichosema Baba kwa Kibengali

Binti yake ndiye aliyenipigia simu kuniambia amefariki. Ilikuwa 2020, corona imepamba moto, nami nilikuwa nyumbani Lewisville nikifanya kazi za ofisi kwenye meza ya chakula. Marehemu alikuwa Mbengali, mtaalamu wa kompyuta niliyekaa naye meza jirani ofisini Plano. Hatukuwa watu wa kutembeleana. Ila miaka miwili kabla, alinichukua pamoja na binti huyo, mzaliwa wa Texas, tukaenda Houston. Wabengali wa huko walikuwa wanaonyesha filamu iliyosifiwa sana, iliyotokana na riwaya aliyoisoma ujanani. “Haina tafsiri,” aliniambia, “lakini nitakunong’oneza.”

Ilimhusu mwalimu mjane anayegoma kuhama wakati mto unamega kijiji chake. Ukumbi mzima ulilia. Mwenzangu alinitafsiria huku sauti ikimkatika, na alipogeuka upande wa pili, kiti cha binti kilikuwa kitupu. Tulimkuta garini.

“Umechoka, mwanangu?”

“Sikuelewa hata neno moja. Hukunifundisha, baba.”

Aliwasha gari. Tulikuwa tumeshaendesha saa mbili, binti amelala, aliponiambia kwa sauti ya chini, “Niliogopa wasimcheke shuleni. Nikasema nyumbani Kiingereza tu. Nilidhani Kibengali atakiokota mwenyewe, kwa kunisikia nikiongea na mama yangu kwenye simu.”

Alipolazwa kwa corona, hakuna aliyeruhusiwa kuingia wodini. Muuguzi alimshikia simu aongee na binti yake. Homa ilikuwa imemwondolea Kiingereza chote. Alizungumza Kibengali kitupu, kwa muda mrefu. Alifariki kesho yake.

“Anko,” binti aliniambia akilia, “nilikuwa naitikia tu, ndiyo baba, ndiyo baba. Sijui nilikubali nini. Wewe hakuwahi kukuambia anataka nini?”

Nilimwambia ukweli, kwamba hakuwahi. Baba yake alizikwa mbele ya watu saba waliosimama mbali mbali, nami sikuwa mmoja wao.

Wasomaji wangu, wengi wetu hapa Texas watoto wanatujibu Kiingereza, na mbele ya wageni tunaona fahari. Jioni ya simu ile nilimwita mwanangu, nikamwongelesha Kiswahili. Alicheka, akanijibu kama alivyozoea. Nikaendelea, na hadi leo naendelea, ingawa ananiona msumbufu. Kuna siku nitakuwa na neno la kumwambia, na huenda siku hiyo sitakuwa na nguvu ya kumtafutia la Kiingereza.