Mama Netiboli wa Bweranyange

Auleria aliona gere, wala hakujua kuificha. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe angekuapia kwamba hana habari, na huku midomo kaibinua.

Kule Bweranyange watoto wote walimwita Mama Netiboli. Alikuwa mkulima wa migomba na kahawa kama wenzake, lakini jioni ukimtafuta shambani humpati. Yuko kiwanjani, kanga kiunoni, anawafokea wasichana: "Toa pasi! We Joviana, unataka kulala na mpira?" Hakuna aliyemwajiri. Nguzo za goli alizikata mwenyewe, akazichimbia mwenyewe.

Ndipo akaja Winston. Kijana wa hapohapo, alikwenda kusoma mjini akarudi na gunia la fimbo zenye kijikapu cha wavu kichwani. Mchezo wenyewe eti lakrosi. Mpira hushiki kwa mkono, unaudaka kwa wavu, unakimbia nao, unamrushia mwenzako. Siku ya kwanza watoto walikwenda kushangaa, ya pili wakaenda kucheza. Wiki haijaisha, Auleria kabaki kiwanjani na mpira kwapani na wasichana watatu, mmoja wao mguu unamuuma.

Hayo angeyavumilia. Kilichomchoma roho ni Adventina, binti yake wa kumzaa, mfungaji wake. Wakikaa jikoni kumenya ndizi, mdomo haufungi: mwalimu Winston kasema hivi, mwalimu Winston kasema vile. Auleria alimenya kwa hasira mpaka nusu ya ndizi ikaondoka na ganda.

"Huyo Winston wako nimempangusa kamasi mimi," akasema.

"Ndiyo, mama. Anasema mkono wangu wa kushoto ni mzuri sana."

"Na huo mkono kaufundisha nani?"

Adventina akacheka tu. Ee, watoto hawa!

Jumapili baada ya ibada, Winston akaja mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," fupi, ya kukata.

Akakaa. Sasa, kwetu mgeni akikaa anapewa kwanza kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa zikakaushwa, ndipo maneno yafuate. Hata uliyegombana naye unampa. Ukimnyima, umemwambia ondoka bila kufungua mdomo. Furushi la Auleria lilikuwa linaning'inia ukutani, limefungwa kwa jani la mgomba, mtu yeyote analiona. Auleria akalitazama. Akamtazama Winston, viatu vya michezo, filimbi shingoni. Filimbi! Yeye miaka yote anapiga mluzi kwa vidole. Roho ikakataa katakata.

"Kahawa imetuishia," akasema.

Winston akainua macho, akaliona furushi, akayashusha upesi kama aliyeona kisichomhusu.

"Si kitu, mama. Nilikuwa napita tu."

Akauliza habari za maharage, akaaga. Auleria alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye migomba, na jamani, alijisikia raha! Siku hiyo alikula akashiba.

Siku chache baadaye akapita karibu na kiwanja, eti anatafuta kuni. Watoto wamejaa, fimbo juu, vumbi tele. Katikati yao kasimama Dafroza, fundi cherehani, jirani yake ambaye hata chungwa ukimrushia linampiga usoni. Naye ana filimbi.

"Kocha Dafroza! Huku, kocha!" wasichana wanapiga kelele. Wasichana wake!

Kuni zenyewe hakuzikumbuka tena. Alirudi nyumbani mbio, akamngojea Adventina mlangoni.

"Tangu lini Dafroza anajua mchezo wowote?"

"Hajui." Binti akaanza kufungua kamba za viatu, hakumtazama. "Tunakwenda kucheza Kaisho, mwalimu akataka mama mmoja wa kutufundisha na kutusimamia wasichana. Jumapili alikuja kukuomba wewe. Sisi wote tulimwambia hatutaki mwingine. Akarudi akasema umemfukuza."

"Mimi? Nilimtamkia neno gani baya?"

"Hukutamka, mama."

Auleria akakaa kizingitini. Wivu wote aliokuwa nao tangu fimbo zile zifike haukuwa kitu mbele ya huu wa sasa.

"Mwambie arudi," akasema. "Mwambie aje hata leo."

"Dafroza keshakubali," Adventina akamjibu. "Jana ametupima sketi."