Leso ya Malkia Aliyekufa

Nikifungua sanduku la mama, leso yake ya maua mekundu bado inanukia moshi na sabuni ya kipande. Harufu hiyo hunirudisha kwenye ukumbi wa shule yetu, Eldoret, siku tulipoimba mchezo wa malkia wawili wa zamani waliogombea kiti kimoja.

Mimi ndiye niliyekuwa malkia aliyeshinda. Nilisimama chini ya picha ya rais na taji langu la karatasi ya dhahabu, nikaimba hukumu ya kifo bila kukosea. Mwenzangu, binti wa jirani, akapiga magoti, akaimba kwaheri, akaanguka.

Akina mama waliotoka upande wa ziwa, ambako wafu huliliwa kwa sauti, wakasahau kwamba ni mchezo. Mmoja akapiga nduru, wengine wakaitikia kama matangani. Mama yangu mwenyewe akapanda jukwaani, akafungua leso kiunoni, akamfunika yule msichana.

“Mama, ni mchezo tu,” nikamnong'oneza. “Mimi ndiye nimeshinda!”

“Nyamaza wewe,” akasema huku akilia. “Huoni mtoto wa wenyewe amelala kwa simiti?”

Leso sasa ni yangu. Lakini kila nikiikunja, namwona yule msichana chini yake, amefumba macho, anatabasamu.