Kalamu ya Mwalimu Iliyopigwa Msasa

Siku yangu ya kwanza kupiga picha ya kalamu nilipiga tumbo la bosi. Nilikuwa nimetoka studio moja hapa mjini Kisii, nimezoea maharusi na watoto wa kipaimara, na nilijiona fundi. Bosi wangu mpya alitaka aitwe Mkurugenzi, ingawa kampuni nzima ilikuwa yeye, mimi na paka. Alinunua kalamu za wino za zamani kutoka kwa walimu na makarani wastaafu, akawauzia wapenzi wa vitu vya kale ng'ambo. Alinipa kalamu nyeusi yenye klipu ya rangi ya dhahabu. Nikaiweka mezani, nikasogea karibu, nikabonyeza. Alipoifungua picha kwenye kompyuta akauliza:

"Kalamu iko wapi hapa? Mimi naona dirisha, naona wewe, na naona tumbo yangu. Sasa huko Ulaya nani atanunua hii tumbo?"

Nawaandikia nyinyi vijana mnaopiga picha kwa simu, kwa sababu ya kalamu moja iliyokaribia kumtenga mama na binti yake. Nitafika huko. Lakini mtu hawezi kuelewa kisa hicho bila kujua kazi yenyewe ilivyokuwa.

Kalamu inayong'aa ni kioo, inaonyesha kila kilichoizunguka. Kwa hiyo nilishona kijihema cha kitambaa cheupe, nikakitoboa tundu la kupitishia lenzi, taa zikakaa nje. Mwanga ukipita kwenye kitambaa unalainika, na tumbo la bosi linabaki kuwa siri yake. Lenzi tuliyotumia huitwa makro, ile inayokubali kusogea karibu kabisa na kitu. Nayo ina ukorofi wake: nibu, ile ncha ya kuandikia, ikionekana vizuri, klipu inakuwa ukungu. Dawa yake ni kupiga picha nyingi, kila moja ukisogeza fokasi kidogo tu, halafu kompyuta inaziunganisha kuwa moja.

Wakati huo meza haitakiwi kutikisika hata chembe, na sisi tulikuwa juu ya kinu cha posho, cha kusaga mahindi! Mkurugenzi alikuwa akiinama kwenye ngazi na kupaza sauti, "Mzee, pumzika kidogo, tunapiga nibu!" Mwenye kinu alimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, lakini mara nyingi alizima. Nilimpenda Mkurugenzi, pamoja na makelele yake. Ndiye aliyenifundisha kwamba mnunuzi yuko mbali, hawezi kuishika kalamu, basi picha yangu ndiyo mkono wake. Biashara ilipolegea alirudi kwao Nyamira kuchuma chai, nami nikatafuta pengine.

Pengine palikuwa chumba kidogo cha makumbusho katika chuo kimoja upande wa Nyanchwa. Bosi aliitwa Mhifadhi, mtu mwembamba wa sauti ya chini, Msabato wa kuzima mitambo Ijumaa kabla jua halijazama. Siku ya kwanza nilichukua kitambaa kuipangusa kalamu, kama nilivyozoea. Akanishika mkono.

"Uliza kwanza, Mama Kemunto. Labda hiyo unaita uchafu ndiyo kitu wanataka kuona."

Niliona ananisumbua bure. Kwa Mkurugenzi tulikuwa tukificha mikwaruzo, na huyu sasa anataka niipige picha! Lakini mgeni nilikuwa mimi. Nilitii, na baada ya muda nilianza kuipenda mikwaruzo kuliko dhahabu.

Ndipo wakaja wawili kutoka Manga. Mmoja alikuwa Mong'ina Kerubo, na mong'ina ndivyo tunavyowaita kina mama wazee kwa heshima. Mumewe alikuwa amefundisha shule ya msingi huko mpaka kustaafu, na alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Mwingine ni binti yao Bosibori, mwalimu pia. Mhifadhi alikuwa anaandaa maonyesho ya vitu vya walimu wa zamani, akawaomba tupige picha kalamu ya marehemu.

Kwetu hakuna anayekwenda kupigwa picha bila kuoga na kuvaa nguo za kanisani. Bosibori aliona hata kalamu ya baba yake haiwezi kuja ilivyo. Alikuwa ameichukua kimyakimya akampelekea shangazi yake huko Tabaka, anayesugua vinyago vya mawe ya sabuni. Shangazi aliifanyia kalamu kile anachofanyia jiwe: karai la maji, msasa mkali, msasa laini, kisha nta. Bosibori aliitoa kwenye leso mbele yetu, iking'aa kama kiatu cha bwana harusi, akaiweka mkononi mwa mama yake.

Mong'ina haoni vizuri. Alipitisha kidole gumba kwenye kalamu mpaka mwisho wake, akarudi, akapitisha tena.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya Baba."

"Apana. Ya Mwalimu iko na meno. Alikuwa anatafuna hapa akisahihisha vitabu." Akanigeukia mimi, si binti yake. "Tangu tumzike, mimi nashika hapo kila asubuhi nikiomba. Sasa nitashika wapi?"

Bosibori alijaribu kusema. "Mama, si nilitaka tu ikae vizuri kwa picha..."

"Umeosha baba yako ameisha," mama akamjibu, akaiweka kalamu mezani na kugeuza uso ukutani. Niliwahi kusikia watu wakitukanana sokoni Nyakoe mpaka vumbi likatimka, lakini sijasikia neno zito kama hilo.

Mhifadhi alimpeleka Mong'ina nje kunywa chai. Bosibori akaniinamia. "Mama Kemunto, si unaweza kuweka hayo meno na kompyuta? Mama haoni sana. Hatajua."

Ningeweza, tena kwa dakika chache. Na nilimhurumia, maana kosa lake lote lilikuwa mapenzi. Lakini nilimwambia, "Macho hayaoni, lakini vidole vinajua. Mama yako alikaa na hayo meno maisha yake yote. Wacha tutafute kwanza."

Kalamu yenyewe ilikuwa ya eboniti, yaani mpira uliopikwa ukawa mgumu. Niliwaza hivi: msasa unakula juu, lakini jino la mtu mwenye hasira na hesabu za Darasa la Saba linazama. Kama shimo lilizama kuliko msasa ulivyokula, lazima kitako chake kimebaki. Nikaondoa kijihema. Nikazima taa zote isipokuwa moja, nikailaza karibu na meza ili mwanga uje kwa ubavu, chini kabisa, kwa sababu mwanga wa juu unafuta mashimo na mwanga wa ubavu unayatilia kivuli. Kalamu niliisimika kwenye tonge la nta, nikawa naigeuza kidogo na kupiga, naigeuza na kupiga. Hapakuwa na kitu. Bosibori alikuwa ameacha kutazama.

Karibu nizungushe duara lote, nikaona vivuli viwili vidogo, kimoja kipana na kimoja chembamba, vimekaa karibu karibu. Nikampigia Bosibori kelele kana kwamba yuko Nairobi.

Tuliichapa ile picha kubwa kama kalenda. Mong'ina aliporudi aliisogeza mpaka pua ikaigusa. Sikumweleza chochote.

"Hii ndogo ni ile jino ilivunjika na mfupa wa mbuzi," akasema.

Nikamrudishia kalamu, nikaigeuza kufuata picha, nikamwomba aache kidole gumba atumie ukucha, maana ukucha unasikia kisichosikiwa na ngozi. Akaupitisha polepole. Ukakwama. Alifumba macho, nami nililia, sioni haya kusema. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka. "Bosibori. Leta kidole." Akauchukua ukucha wa binti yake, akauweka pale pale, akaushikilia.

Mhifadhi hakuomba hata kalamu ibaki kwa maonyesho. Alitundika ile picha tu, kalamu ikarudi Manga.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani na migomba yangu, na mkono unaotetemeka haufai kwa makro. Vijana wakija kuniuliza wanunue lenzi gani, nawaambia lenzi ni ya pili. Kwanza uliza mwenye kitu anashika wapi.

Juzi Bosibori alipita kunisalimia. Mama yake amempa kalamu aandikie, amesema ukucha wake umeshakariri. Aliiweka mezani tukinywa chai, nami, kwa mazoea, nikaichukua na kuielekeza dirishani, ubavu kwa mwanga. Vile vivuli viwili vilikuwepo. Kando yavyo palikuwa na cha tatu, kipya kabisa, bado na kingo kali.

Nilimtazama. Akaninyang'anya kalamu akicheka kwa aibu.

"Usipige picha, Mama Kemunto. Yangu bado haijaiva."