Pampu ya Mkono Juu ya Kabati

Kabla sijajibu swali lako la pampu, mwanangu, nikusimulie siku moja ya mvua ambayo hunirudia kila stima inapopotea na taa kuzimika. Ilikuwa huku Dundori nilikoolewa, msimu ule ambao ukungu hushuka kwenye mashamba ya viazi na kukataa kuondoka mpaka jua la saa sita liufukuze. Jana yake nguzo ya stima ilikuwa imeanguka huko chini kwenye mteremko. Na asubuhi hiyo binti yangu wa miezi mitano aliamka amezibwa pua na mafua, hata akashindwa kunyonya.

Ngoja nikueleze polepole, ili ujue hofu yangu ilitoka wapi. Mtoto mchanga hupumua kwa pua akinyonya. Pua ikiziba, anashika titi, anavuta kidogo, anaachia, analia, anajaribu tena. Baadaye anachoka. Kilio chake hakikunitisha sana, kwa sababu nilikuwa nimelea wavulana wawili kabla yake na nilivijua vilio. Kilichonitisha ni alipoanza kunyamaza. Nepi niliyomfunga alfajiri niliigusa nikaikuta kavu, nikaigusa tena baadaye, bado kavu.

Wakati huo nilikuwa nauza katika duka la dawa za mifugo mjini Nakuru. Wavulana wangu niliwalea nikiwa nyumbani, kwa hiyo sikuwahi kuhitaji kukamua maziwa. Huyu wa tatu alinikuta kazini. Wifi yangu anayeishi Marekani alipokuja kumwona mtoto alinipa zawadi: pampu ya stima ya kukamulia maziwa, na nyingine ndogo ya mkono, yenye mpini wa kubonyeza. Ile ya stima niliipenda kama simu mpya. Mchana nilijifungia stoo, nikakaa juu ya gunia la chakula cha kuku, nikaiwasha, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimejaza chupa. Ile ya mkono niliirusha juu ya kabati ikiwa bado kwenye plastiki yake.

Mama mkwe wangu, ambaye watoto walimwita Shosho nasi sote tukafuata, aliiona.

“Na hiyo nyingine imekosa nini?” akauliza.

“Hiyo ni ya kujichosha tu, Mama. Hii ya stima inafanya kila kitu.”

“Haya,” akasema. Shosho akisema “haya” ujue hajakubaliana na wewe, ila amekuachia ulimwengu ukufunze.

Yeye mwenyewe alikuwa na mambo yake. Mume wangu alikuwa amemnunulia mashine ndogo ya kukamulia ng'ombe, na aliipokea kwa shukrani, maana vidole vyake vilikuwa vimeanza kuuma. Lakini kila Jumapili jioni, akitoka kanisani, aliiweka mashine kando na kuwakamua ng'ombe wake kwa mikono, mmoja mmoja. Tulimcheka.

“Mama, si mashine iko?” mume wangu alimwambia.

“Iko. Na mimi niko.”

Tuliona ni ushamba wa kupendeza, basi. Sikujua, na pengine wewe pia hujui, kwamba ng'ombe aliyezoea mashine peke yake huusahau mkono. Ukimgusa anarusha teke, anayazuia maziwa, na asipokamuliwa kiwele hujaa, kikawa moto, kikaharibika.

Turudi kwenye ile asubuhi. Mume wangu alikuwa ameshuka kwa miguu kutafuta gari la kumpeleka mtoto hospitali, kwa sababu barabara yetu ilikuwa tope tupu na pikapu ya jirani ilishakwama humo. Wavulana walikuwa shuleni, tukabaki mimi, Shosho na mtoto. Nilikwenda kwenye friji kutoa akiba yangu ya maziwa nimnyweshe kwa kijiko. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wahenga hawakuwa na friji. Maziwa yalikuwa yameyeyuka tangu stima ilipopotea na yalianza kunuka. Niliyamwaga yote.

Nikaichukua pampu yangu ya stima. Nikabonyeza kitufe, nikijua wazi hakuna stima. Nikabonyeza tena. Hofu humfanya mtu mzima afanye vitu vya kitoto. Na kifua changu, mwanangu, kilikuwa kimejaa tangu usiku na kuwa kigumu kama kiazi kibichi. Maziwa yapo, mtoto ana njaa, na kati yao nimesimama mimi na kifaa kilichokufa.

Nilitoka na ile pampu mkononi nikaenda kwenye banda la ng'ombe. Shosho alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, ndoo katikati ya magoti, anakamua. Ng'ombe anatafuna taratibu, mkia haujali. Maziwa yanaingia ndooni kwa ile sauti unayoijua.

“Imekufa ama imelala?” akauliza bila kugeuka.

“Mama, mtoto hanyonyi. Maziwa ya friji yameharibika.”

Hapo akaacha kukamua. Sharti nikwambie kwamba kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, hivyo mtoto wangu aliitwa Wanjiru kama yeye, Shiru kwa kifupi, na Shosho hakuwahi kumwita mjukuu. Alimwita “mimi”.

“Mama Shiru,” akasema, “ni mimi nimelala kule ndani nikiwa na njaa. Huyu ng'ombe nimemfundisha mambo mawili, mashine na mkono. Wewe umejifundisha moja. Sasa moja limekwenda na stima, unaniletea machozi. Mimi nitakunywa machozi?”

Hakupaza sauti. Laiti angeipaza, ningekasirika, na hasira ingenipunguzia uchungu. Alifunika ndoo kwa kitambaa, akatangulia jikoni.

Nilikumbuka ile pampu ya juu ya kabati. Nikaishusha, nikaipasua plastiki, Shosho akazichemsha sehemu zake kwenye sufuria, kwenye moto wa kuni. Zilipopoa nilizipachika haraka haraka, nikaiweka kifuani, nikabonyeza mpini. Hakuna kitu. Ilipumua tu kama mzee anayepanda mlima. Nikabonyeza kwa nguvu, nikaumia, hakuna kitu. Kulikuwa na kipira kidogo ndani yake ambacho sikujua kinakaa vipi. Kifaa nilikuwa nacho miezi yote hiyo, na sikuwahi kukigusa hata siku moja ya amani. Huko ndani mtoto alikohoa, kikohozi kidogo kisicho na nguvu, na nikahisi maziwa yenyewe yakirudi nyuma. Hilo pia ulijue: woga huzuia maziwa. Yamo, lakini hayashuki.

“Wacha hiyo kwanza,” Shosho akasema. “Nawa mikono. Keti.”

Alinilowekea kitambaa katika maji ya uvuguvugu, akaniambia nijikande nacho taratibu. Kisha akanipa kikombe safi, akaenda kumleta mtoto, akamlaza mapajani mwangu, kichwa chake karibu na tumbo langu, ili nimwone na nimnuse. Akanionyesha: kidole gumba juu, vidole vingine chini, nyuma kidogo ya pale peusi, si kwenye chuchu. Unasukuma kuelekea kifuani, unabana, unaachia. Unasukuma, unabana, unaachia. Nilipotaka kuvuta akanipiga kofi dogo la mkono.

“Wewe si ng'ombe,” akasema. “Ng'ombe huvutwa. Wewe unabanwa na kuachiliwa. Ati msomi.”

Nilicheka, mwanangu. Katikati ya hofu ile nilicheka, na nadhani ndicho alichokuwa anatafuta. Tone la kwanza likatoka, likaning'inia. La pili. Kwa muda hayakuwa zaidi ya matone, na kila tone nililiona dogo kuliko shida yangu. Halafu kitu fulani ndani kikalegea, na maziwa yakaruka hadi ukingoni mwa kikombe.

Kifua kilipolainika, Shosho alichukua ile pampu ya mkono, akaifungua polepole, akaigeuzageuza mbele ya dirisha kama anayechagua mbegu. “Hiki kipira kimetazama wapi?” akauliza. Kilikuwa kimegeuzwa. Tulikigeuza, tukapachika tena, nikabonyeza kwa upole, nayo ikavuta vizuri. Mikono ilikuwa imefungua njia, na pampu ikaendeleza kazi vidole vyangu vilipochoka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tulimpangusa pua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, tukamwinua kichwa, tukamnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, tukimpa nafasi ya kupumua. Kijiko cha kwanza kilimtoka mdomoni. Cha pili alikimeza. Tulikuwa bado tunamnywesha niliposikia trekta ikinguruma barabarani, mume wangu amesimama juu yake nyuma ya dereva, matope hadi kiunoni. Tukashuka nayo hadi lami, Shosho akiwemo, na huko tukapata gari la kwenda mjini.

Hospitali walituambia kifua cha mtoto kilikuwa kimeanza kushikwa, na kwamba tulifanya vizuri kutokaa nyumbani. Walimpa dawa, na wakaniambia niendelee kukamua na kumpa hivyo hivyo hadi pua ifunguke. Niliketi kwenye benchi na pampu yangu ya mkono chini ya leso, na siku ile sikuhitaji kumuuliza mtu stima iko upande gani. Jioni, kwenye kitanda cha wodi, Shiru alikojoa nepi ikalowa chapachapa. Shosho, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, aliigusa, akajiegemeza ukutani.

“Sasa nimeshiba,” akasema.

Sasa, mwanangu, nirudi kwenye swali lako. Akina mama wengi wachanga wa kanisani kwetu huniuliza hilo hilo tukitoka ibadani: nikiwa na pampu ya stima, kuna haja gani ya kununua na ya mkono? Sitakudanganya kwamba kila mama anaihitaji. Kama unashinda na mtoto wako na ananyonya vizuri, huenda usihitaji pampu yoyote. Lakini ukirudi kazini na maziwa ya mtoto yakategemea kukamuliwa, basi usiache njia moja tu kati yako na yeye. Najua siku hizi kuna pampu zinazochajiwa kama simu, nyingine mnazivaa ndani ya sidiria mkaendelea na kazi. Ni nzuri sana, zitumie bila aibu. Lakini chaji huisha, mota huchoka, na mvua ya huku kwetu haiulizi mtu yuko kazini ama likizo. Ya mkono ni nyepesi, haina kelele, inaingia kwenye mkoba, na hata siku ambayo stima ipo itakusaidia kupunguza kidogo pale kifua kinapojaa ukiwa safarini.

Kama huna uwezo wa kununua mbili, usilie. Jifunze mikono yako. Mwombe muuguzi wa kliniki akuonyeshe; hilo haliuzwi. Na usiazime pampu ya rafiki yako ili kubana matumizi, hata mkiwa mnapendana vipi, kwa maana usafi wake huujui.

Neno ninalotaka ulibebe zaidi ni hili. Kifaa kilicho juu ya kabati hakijawa chako bado. Kitoe kwenye plastiki leo, mtoto akiwa mzima na jua likiwaka. Kichemshe, kipachike, ujue kipira kinatazama wapi. Kitumie siku moja moja, kama Shosho na Jumapili zake, ili mwili wako usikione kigeni siku ya shida. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema. Nami naongeza kwamba hata mbachao ukunjue mara kwa mara, usije ukaukuta umeliwa na panya. Na ukiona titi limekuwa jekundu na una homa, au mtoto amelegea na nepi yake ni kavu, usingoje stima, usingoje pampu, usiningoje mimi. Nenda kliniki.

Usidhani pia kwamba kuogopa ni udhaifu. Mimi naogopa hadi leo. Shiru amenipita urefu, na bado mafua yakimshika mkono wangu hunyanyuka wenyewe kumtafuta pua. Hofu haiondoki, ila ukiipa kazi ya kufanya mapema haikusumbui sana baadaye.

Nenda basi, mwanangu. Mungu ayalinde maziwa yako na ailinde kazi yako, usilazimike kuchagua kati ya hivyo viwili. Mikono yako ikumbuke ilichofunzwa. Nyumba yako isikose mtu wa kukuambia “keti, nawa mikono” siku utakapolia. Na huyo anayelala mapajani mwako, hata kama amepewa jina la mama mkwe wako, ashibe.